Karoti, sanitaiza na vidudu vya miti: kazi yangu ya porini hapa Dodoma

Nianze na karoti maana ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mama ninayenunua kwake pale soko la Majengo ameshanizoea, nikifika tu ananichagulia zile nene zilizonyooka na kuniuliza "mwanangu, mgonjwa wako anaendeleaje", anajua kuna mgonjwa ila nadhani mpaka leo haamini kwamba mgonjwa mwenyewe ni mti. Mi natafiti magonjwa ya fangasi wa miti, hasa wale wanaosambazwa na wadudu, na miti ninayoifuatilia ni ile ya asili, mninga, migunga, mibuyu na jamaa zao wa kwenye mapori ya kuanzia Chenene kuzunguka mpaka huku Bahi na Manyoni.

Karoti inaingiaje hapo? Kuna kundi la fangasi linaitwa Ceratocystis, wanaishi ndani ya mti kwenye mirija ya kupandisha maji, na ukichukua kipande cha mti mgonjwa ukakiweka moja kwa moja kwenye agari, ule uji mgando wa kuoteshea fangasi maabara, mara nyingi utaotesha ukungu wa kila aina isipokuwa unayemtafuta, maana yule ukungu wa kawaida wa kila mahali anakua haraka na siku mbili tatu ameshajaza sahani nzima. Ila Ceratocystis anapenda karoti. Unakata karoti visahani, unachukua kibanzi chembamba cha mti, unakibana katikati ya visahani viwili, unafunga na tepu na kuacha kwenye unyevu kwa wiki moja hadi mbili. Ukija kukagua kwa lenzi unaona vidonge vyeusi vidogo sana vimeota shingo ndefu, na kwenye ncha ya kila shingo kuna tone la rangi ya krimu linang'aa. Hilo tone lote ni spora, yaani mbegu za fangasi, zimeshikamana kwa ute.

Mara ya kwanza kuliona lile tone nilikaa nalo kwenye lenzi muda mrefu, maana pale ndo nilielewa somo zima. Fangasi anayetegemea upepo anatengeneza spora kavu, nyepesi, zinapeperuka ukipuliza tu. Huyu ametengeneza spora za kunata halafu akazinyanyua juu kwenye ncha, kwa hiyo mdudu akipita lazima zimshike mgongoni na miguuni. Na mdudu anapitaje pale? Anavutwa na harufu, kuna Ceratocystis wanaonukia ndizi mbivu kabisa, ukifungua sahani maabara nzima inanukia, na wale wadudu wanaopenda kunywa utomvu kwenye vidonda vya miti wanaifuata hiyo harufu, wanajipaka, wanahamia kwenye kidonda cha mti mwingine. Mti uliokatwa na panga jana, uliochunwa gome kwa ajili ya dawa au uliokwanguliwa na ng'ombe, huo ndo mlango wenyewe.

Hao ni wanaosafiri juu juu. Kuna wengine uhusiano wao na mdudu ni wa ndani zaidi na hapa naomba uniruhusu nichukue muda.

Kila mtu aliyekulia huku kwetu anajua mvua zikianza uyoga unatoka kwenye vichuguu. Wengi hawajui kwamba ule uyoga mchwa ndo amelima, anabeba majani na vijiti vikavu anapeleka chini, anaotesha fangasi juu yake halafu anakula matokeo ya kile kilimo. Sasa kuna vidudu vya miti vinafanya kilimo cha namna hiyo hiyo ila ndani ya shina. Ni vidogo, vingi havizidi milimita mbili tatu, na jike ana vifuko maalumu mwilini, wengine karibu na mdomo, anatembea na fangasi wake humo kila anakoenda. Akipata mti anatoboa, anachonga korido ndani, anapanda fangasi kwenye kuta, anataga. Watoto hawali mbao, wanakula ule ukungu. Madume wanazaliwa wachache na hawaruki, wanapandana na dada zao humo humo ndani, halafu mabinti wanatoka wameshabeba mimba na fangasi kwenye vifuko, wanaenda kuanza shamba jipya. Na hata jike ambaye hajapandwa bado ana uwezo wa kuanzisha ukoo, kwa sababu mayai yasiyorutubishwa yanatoa madume, anasubiri mtoto wake akue. Yaani jike mmoja tu kwenye gogo moja, anatosha.

Kwa kawaida vidudu hivi havina ubaya, nasema hili kila mara maana watu wakishasikia habari hii wanataka kupuliza dawa kila mti. Wanatafuta miti iliyokufa au inayokaribia kufa, wanasaidia kuiozesha, ni sehemu ya pori kama fisi alivyo. Shida inaanza wakihama. Mti wa nyumbani kwao wamezoeana nao maelfu ya miaka, mti wa ugenini hauwajui, fangasi akiingia ule mti unapaniki, unaziba mirija yake wenyewe kwa gundi na vizibo ili kumzuia, na matokeo yake maji hayapandi. Unakufa kwa kiu huku ardhi imelowa.

Mfano wa Marekani ndo huwa natumia. Mwaka 2002 mitego iliyowekwa karibu na bandari ya Savannah, jimbo la Georgia, ilinasa kidudu kutoka Asia kinaitwa Xyleborus glabratus. Kwao Asia hakuna aliyekuwa anahangaika nacho, ni kidudu cha miti iliyojifia. Kule Marekani kikaanza kuingia kwenye miti mizima ya asili inayoitwa redbay, fangasi wake akapewa jina Raffaelea lauricola mwaka 2008, na mti ukishaambukizwa unanyauka ndani ya wiki chache. Inakadiriwa redbay zilizokufa ni mamia ya milioni. Mamilioni ya miti, na kilichoiua ni kitu ambacho kwao hakikuwa hata na sifa ya kuandikwa.

Sisi watu wa mahindi hadithi hii tunaijua kwa njia nyingine. Dumuzi, yule mnayemwita Scania kwa jinsi anavyobomoa ghala, si wa hapa. Kwao ni Amerika ya Kati, huku alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na baada ya hapo hakuna kijiji cha kanda ya kati ambacho hakimjui. Na kitu ambacho wengi hawakijui, dumuzi ukoo wake ni wa wadudu watoboa miti, hata leo anaishi porini kwenye miti mikavu na ndo maana ukisafisha ghala lote bado anarudi. Kwenye mitego yangu wanaingia ndugu zake kibao.

Karibu zaidi ni Afrika Kusini. Mwaka 2017 mtafiti anaitwa Trudy Paap, wa taasisi ya FABI kwenye Chuo Kikuu cha Pretoria, alikuwa anakagua miti ya bustani ya mimea kule Pietermaritzburg. Haikuwa kwa sababu kuna mtu kalalamika, lilikuwa zoezi la kukagua bustani maana bustani za mimea zina miti ya kila nchi kwa hiyo mgeni akiingia huenda akaonekana pale kwanza. Akamkuta Euwallacea fornicatus kwenye mti wa kivuli wa kizungu, kidudu cha milimita mbili, na fangasi wake Fusarium euwallaceae. Ni walewale waliosumbua maparachichi Israeli na miti ya mijini California. Baadae ikaonekana kwenye kumbukumbu za DNA kwamba kidudu hicho kilishapatikana Durban mwaka 2012! Miaka mitano kilikuwepo nchini na hakuna aliyejua ni mgeni. Kufika hapo kikawa kimeshasambaa, Knysna, George, Johannesburg, na kinaingia hadi kwenye miti ya asili ya Afrika.

Hiyo miaka mitano ndo inayoninyima usingizi, na ndo sababu ya kazi yangu yote. Afrika Kusini wana taasisi kubwa ya magonjwa ya miti tangu mwaka 1998, wana wataalamu, wana maabara, na bado kilipita. Sasa kidudu hicho hicho kikishushwa Dodoma kesho asubuhi kikaingia kwenye mgunga pembeni ya barabara ya Singida, nani atasema huyu si wa hapa? Ili useme mtu fulani ni mgeni kijijini lazima uwe unawajua wenyeji. Na wenyeji wetu, vile vidudu na fangasi wanaoishi kwenye miti yetu kila siku bila kumdhuru mtu, orodha yake ni fupi mno ukilinganisha na pori lilivyo. Kwa hiyo mi sitafuti ugonjwa. Nahesabu wenyeji. Ni kazi ya kuchosha na haina kichwa cha habari, ukiomba hela ukasema unataka kuorodhesha vidudu visivyo na madhara utaona watu wanavyofunga faili, kuna mahali niliambiwa nirudi ugonjwa ukishaingia. Sawa.

Halafu Dodoma ina tatizo lake ambalo wenzetu wa Usambara hawana. Kiangazi huku, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja huko, karibu kila mti unapukutisha majani. Ukipanda kilima ukaangalia chini unaona kijivu tu. Mti uliolala na mti uliokufa wanafanana kabisa, na mtu akikuambia "miti yetu inakauka" mwezi wa tisa hajakuambia kitu. Magonjwa ya mirija dalili yake ni kunyauka wakati wenzake wana majani, majani yanageuka kahawia yakiwa bado yameshika kwenye tawi, hayadondoki. Hiyo utaiona Januari mpaka Machi tu, ndani ya kifuku, yaani kipindi kile kile ambacho barabara za kwenda porini zimegeuka tope, bodaboda anakutajia bei mara mbili na ana haki, na wenyeji wote wako mashambani hakuna wa kukuongoza. Kwa hiyo tunaipiga rangi miti yenye dalili kifuku, tunachukua alama ya mahali kwa jipiesi, halafu kiangazi tunarudi kutoboa na kuchukua vipande kwa utulivu.

Mninga ndo unanichosha kuliko yote. Huyu mti jamani mche wake una tabia ya kufa juu kila kiangazi kwa miaka yake ya mwanzo, shina linakauka lote, mzizi unabaki hai chini, mvua ikija unachipua upya. Mpaka mzizi upate nguvu ya kutosha ndo mti unaanza kwenda juu kweli. Sasa we fikiria unataka kufanya jaribio la kuambukiza miche ya mninga uone kama fangasi wako anaua, na mche wenyewe kila mwaka unajiua wenyewe! Inabidi miche ya kulinganishia iwe mingi na yote ipate maji sawa, na bado wakaguzi wa makala wanakuuliza umejuaje.

Na jaribio hilo huwezi kuliruka. Kanuni yenyewe ni ya Robert Koch, Mjerumani yule yule aliyekuja Tanganyika kutafiti homa ya papasi mwaka 1905, ugonjwa ambao Wagogo wanaujua vizuri kwa sababu ya papasi wa kwenye tembe. Kumkuta fangasi ndani ya mti mgonjwa sio ushahidi, mti unaokufa unavuta kila mtu. Lazima umtoe, umkuze peke yake, umwingize kwenye mti mzima, mti uumwe vile vile, halafu umtoe tena ni yeye. Na ukitaka kusema mdudu fulani ndo anabeba, una kazi nyingine juu yake, uonyeshe mdudu anaenda kwenye mti mzima, ana fangasi mwilini, na akifungiwa na mti safi mti unaugua.

Bila uvumilivu huo unaishia kwenye majibu ya kijiweni. Uholanzi kuanzia mwaka 1919 hivi miti yao ya elm ilianza kunyauka na kila mtu alikuwa na jibu, wengine walisema ukame, wengine gesi za sumu za Vita ya Kwanza. Binti mmoja mwanafunzi, Bea Schwarz, kwenye maabara ya Johanna Westerdijk ambaye ndo alikuwa profesa wa kwanza mwanamke nchini kwao, akasema ni fangasi, mwaka 1922. Wakubwa wengi hawakukubali. Miaka mitano baadae mwanamke mwingine wa maabara hiyo hiyo, Christine Buisman, akathibitisha, na baadae ikajulikana kwamba wabebaji ni vidudu vya magome. Uingereza peke yake aina kali zaidi ya ugonjwa huo iliyoingia miaka ya 1960 iliua elm zaidi ya milioni 25. Huku kwetu jibu la kijiweni ni "jua kali". Mti wowote ukifa ni jua. Mara nyingi wako sahihi, ndo inavyozidi kuwa ngumu.

Maana jua nalo linahusika. Limpopo kule Afrika Kusini miti ya Euphorbia ingens, ndugu mkubwa wa minyaa yetu ya kwenye nyua, ilikufa kwa wingi na watafiti walikuta vidudu, walikuta fangasi, na mwisho wakaona hao walikuja juu ya miti iliyokuwa imeshachoshwa na hali ya hewa. Na mbuyu, ambao ndo naulizwa sana hapa mjini tangu ile habari ya mwaka 2018 kwamba mibuyu mikongwe ya kusini mwa Afrika inaanguka. Watu wananitumia picha za mibuyu yenye gome jeusi. Ule weusi kusini walishaupeleka maabara, wakakuta ni ukungu wa aina aina unaoishi juu ya gome tu, sio muuaji. Kwa hiyo mbuyu wako ukiwa mweusi usimpigie mtu simu usiku. Mninga ni habari nyingine, Zambia tangu mwaka 1979 walichapisha kuhusu ugonjwa wa mirija unaokausha mininga na kumhusisha Fusarium, na mti wenyewe ni huu huu wa vitanda vyetu na makabati yetu, pori limeungana tangu huko mpaka Tabora. Huo nauangalia kwa jicho la pekee.

Mitego sasa. Mti wenye stresi, uwe umekosa maji au umejaa maji au umeungua, unatoa ethanoli, yaani alkoholi ya kwenye pombe, na vidudu watoboaji wanaifuata hiyo harufu ndo wajue nani kachoka. Kwa hiyo huhitaji mtego wa dola. Unachukua chupa ya soda ya plastiki, unaikata madirisha pembeni, unaining'iniza kichwa chini, juu ndani unaweka sanitaiza ya mikono ambayo nyingi kwa sehemu kubwa ni ethanoli, chini kwenye kifuniko unaweka maji na sabuni kidogo. Vidudu vinakuja, vinagonga, vinadondoka. Njia hii Wamarekani wanawagawia hadi wanafunzi wa shule wafanye nyuma ya nyumba zao.

Ila Marekani hakuna mzee wa Kigogo. Kijiji kimoja cha kuelekea Chenene nilikuwa nafunga chupa mtini, mzee kaja na fimbo yake kasimama, nikamwamkia shikamoo babu, marahaba, kanusa, kanusa tena. "Mwanangu, pombe unampa mti?" Nikamweleza kwamba ni ya kunasia wadudu. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi hata wadudu wa siku hizi ni walevi, halafu akanionya kwa upole kabisa kwamba nikiacha hizo chupa karibu na njia ya kilabuni sitazikuta. Nilizihamisha siku hiyo hiyo. Lakini huyo mzee ndo baadae alinionyesha mgunga uliokuwa umetoboka kuanzia kifuani kushuka chini, unga mweupe wa mbao umejaa kwenye mizizi, akasema huo ulianza kunyauka kipindi cha palizi ya kwanza wakati mingine imechanua. Hakuna kifaa nilichonacho kingenipa tarehe ile. Wachungaji na warina asali wanaujua mti mmoja mmoja, na nikifika mahali siku hizi naanza na wao, mitego baadae.

Usafi nao. Hawaii kuna mti wao wa asili unaitwa ohia, unauawa na Ceratocystis wawili tangu kuanza kuonekana mwaka 2010, na kule spora zinatoka hata kwenye ule unga wa mbao unaosukumwa nje na vidudu, unapeperuka, unashika kwenye viatu. Serikali imeweka brashi na dawa za kunyunyizia viatu kwenye njia za kuingia msituni, alkoholi ya asilimia 70. Kwa hiyo na mimi panga, patasi na keekee vinapanguswa kwa spiriti kila mti, na viatu vinapigwa brashi kabla ya kupanda gari. Vijana ninaotembea nao mwanzo walikuwa wananiona nina mapepo. Ila hebu fikiria, ingekuwa aibu gani mtafiti wa magonjwa ndo awe msambazaji.

Watu wa Lushoto na Kilimanjaro msijione mko pembeni. Mkulo, ule mti mkubwa wa mbao za thamani wa milima yenu, ni wa familia moja na redbay ya Marekani. Parachichi pia, na kule Florida ugonjwa wa redbay umeshaingia kwenye mashamba ya parachichi. Kuwa familia moja si lazima kuumwa pamoja, ila kama ningekuwa na shamba Njombe au Rungwe ningetaka mtu awe ameshaangalia vidudu vya pale kabla. Na Oman, ambako tuna ndugu na biashara za miaka mingi, tangu mwaka 1998 maembe yao yalianza kufa ghafla kwa Ceratocystis anayebebwa na kidudu cha magome ya mwembe, halafu yule fangasi akavuka kwenda kwenye mti wao wa asili wa jangwani, ghafu. Mwembe wa kupandwa ndo ulikuwa daraja.

Mgeni anaingiaje? Sio kwa kuruka, vidudu hivi haviendi mbali vyenyewe. Vinasafirishwa ndani ya mbao mbichi. Hapa mjini kila fundi siku hizi anatengeneza sofa na vitanda vya paleti, na mi sina ugomvi na paleti, ni mbao nzuri za bei nafuu, ila igeuze uangalie muhuri. Paleti ya kimataifa iliyofuata utaratibu ina alama ya suke la ngano, herufi za nchi ilikotoka, na herufi za namna ilivyotibiwa, mfano HT maana yake imepashwa joto mpaka katikati ya mbao ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Isiyo na muhuri na bado ina magome, yenye vitobo vidogo vya duara vya upana wa ncha ya kalamu, hiyo choma, usiifanyie kitanda. Mkaa hauna shida kwa jambo hili, moto umeshamaliza kila kitu, mkaa una dhambi zake nyingine. Tatizo ni magogo na kuni zenye magome zinazosafirishwa kutoka mkoa hadi mkoa, na miche mikubwa ya kupendezesha mji inayokuja na lori kutoka mbali kipindi cha kampeni za kupanda miti.

Na hapo ndo nimebadilisha mpango. Mpaka sasa chupa zangu karibu zote zilikuwa porini, kuhesabu wenyeji, na zitabaki. Ila kabla ya mvua za mwaka huu kuanza nataka kufunga nyingine mjini, kwenye yadi za magogo, vitalu vya miche, kwa mafundi wa paleti na kwenye miti inayozunguka sehemu malori yanakolala, maana kama Pietermaritzburg ilivyokuwa, mgeni ataonekana kwanza pale anaposhukia. Mafundi wawili wameshakubali, mmoja kwa sharti kwamba sanitaiza inayobaki inakuwa yake. Yadi moja kubwa wamekataa, wanahofia nikikuta kitu watafungiwa biashara, na hofu yao naielewa, kwa hiyo nimeomba kufunga kwenye mwarobaini ulio nje ya ukuta wao, upande wa barabara, na huo ni wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa amesema nimletee barua.